Vipimo Arobaini na Viwili, Dakika Saba za Daktari: Tathmini ya Kifurushi cha Uchunguzi wa Afya

Kwa miaka mitatu mfululizo nimekwenda kupima afya katika kituo kimoja cha binafsi nikiwa mzima, bila homa wala maumivu, kwa sababu tu mwaka umetimia. Huduma wanayoiuza huitwa uchunguzi kamili wa afya, na tangazo lao husisitiza kwamba ndani yake mna vipimo arobaini na viwili. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza, mazuri na mabaya, nimeyasikia pia kwa watu waliopima kwingine. Niseme mapema kwamba uchunguzi wa mara kwa mara umenifaa na sina nia ya kuuacha, ila yaliyonifaa zaidi ni mambo mawili ambayo tangazo halikuyataja kabisa: daktari aliyekaa kunisikiliza, na karatasi za majibu ya miaka iliyopita.

Nilianza kwenda kwa sababu ya marehemu baba. Alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 59, na siku alipofikishwa hospitali ndipo presha yake ilipopimwa kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtu mzima. Alikuwa akilima, akitembea, akicheka, wala hakuna aliyemdhania kuwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa kati ya miaka 30 na 79 wana shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui. Baba alikuwa miongoni mwa hao wasiojua, na mimi nilipotimiza miaka 45 niliona ni upuuzi kusubiri nijulishwe kwa njia ileile.

Mapokezi ya kituo ni mazuri, na sitayazungumzia sana. Ujumbe wa simu hutumwa siku mbili kabla, ukimtaka mtu afunge kula kwa saa nane hadi kumi na mbili na kumruhusu kunywa maji. Foleni husogea. Mtaalamu wa maabara aliyenitoa damu mara zote tatu ana mkono mwepesi, na hubandika jina kwenye kichupa mbele ya macho yangu, kisha huniomba nilisome mwenyewe kabla sijanyanyuka kitini. Kwa upande wa maabara sina lalamiko lolote.

Lalamiko langu la kwanza linahusu presha, kipimo rahisi kuliko vyote na ambacho ndicho kilichonipeleka pale. Mkanda wa kupimia presha ulibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaeleza namna ya kusikiliza sauti za mshipa kwa stethoskopu. Ni kifaa kikongwe, hakina kioo kinachomeremeta, na huenda ndiyo maana hutumiwa kwa haraka namna ile. Mwaka wa pili nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa kuwa lifti ilikuwa imeharibika, nikaketi juu ya kitanda cha uchunguzi miguu ikining'inia, na kabla sijavuta pumzi muuguzi akanifunga mkanda juu ya mkono wa shati huku akiniuliza nambari ya bima. Mashine ikasoma 151 kwa 94. Muuguzi akatikisa kichwa, akaandika kwa wino mwekundu, na daktari aliyefuata akaanza kunieleza habari za vidonge vya kumeza maisha yote.

Kila hatua katika utaratibu ule ilikuwa na kosa. Anayepimwa presha anatakiwa aketi kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono wazi ukiwa umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara, amekunywa kahawa wala kufanya mazoezi ndani ya nusu saa iliyopita, na kibofu kiwe kitupu. Mkanda uwe wa saizi ya mkono wake, maana mdogo kupita kiasi huipandisha namba. Upimaji urudiwe angalau mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja au mbili, na wakati wote huo pasiwe na mazungumzo. Nilinunua mashine ya nyumbani, nikapima asubuhi na jioni kwa siku saba, na wastani ukawa 124 kwa 79, chini kabisa ya kiwango cha 135 kwa 85 ambacho waganga wengi hukitumia kwa vipimo vya nyumbani. Sikuwa na presha. Nilikuwa na ngazi, na yumkini na hofu ya koti jeupe, yaani presha kupanda kwa sababu tu mtu yuko mbele ya mhudumu wa afya, ambayo nayo madaktari wanaitambua kwa jina hilohilo.

Haki iliyo haki, mwaka wa tatu nilikutana na muuguzi wa aina nyingine. Alinionyesha kiti, akasema, "Baba, pumzika kwanza, usiongee nami," akatoka, akarudi baada ya dakika tano, akapima mikono yote miwili, akarudia kwenye mkono uliosoma juu zaidi. Ilimchukua muda wa kuhudumia watu wawili. Kama kituo kingekuwa changu, ningemfanya yeye awe mwalimu wa wenzake wote.

Sasa nije kwenye hiyo idadi ya arobaini na mbili, ambayo ndiyo fahari ya tangazo. Mtu hudhani kwamba vipimo vikizidi na usalama huzidi, nami nilidhani hivyo mwaka wa kwanza. Lakini ile safu ya karatasi ya majibu inayoonyesha kiwango cha kawaida kwa kawaida hupatikana kwa kuwapima watu wengi wenye afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake ni kwamba katika kila kipimo, watu watano kati ya mia wasio na ugonjwa wowote huangukia nje ya mstari. Ukimfanyia mtu mzima wa afya vipimo ishirini visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka na alama nyekundu ni kama asilimia 64. Kwa vipimo arobaini na viwili, karatasi isiyo na wekundu hata mmoja ndiyo ya kushangaza. Hilo hakuna aliyenieleza; nililikokotoa mwenyewe usiku mmoja nilipokosa usingizi.

Usingizi niliukosa kwa sababu ya kipimo kimoja kiitwacho CEA, ambacho tangazo hukiita kipimo cha saratani. Majibu ya mwaka wa pili yalikuja kwenye simu yangu jioni ya Ijumaa, bila maelezo, yakiwa na mshale mwekundu unaoelekea juu pembeni mwa neno saratani. Daktari hakupatikana hadi Jumanne. Katika siku nne hizo niligawa mali yangu kichwani mara kadhaa. Daktari niliyemwona baadaye kwingine aliniambia kwamba kipimo hicho hutumika hasa kumfuatilia mtu ambaye tayari ametibiwa saratani ya utumbo mpana, na kwamba hakipendekezwi kumchunguza mtu asiye na dalili, kwa kuwa hupanda kwa sababu nyingine nyingi, zikiwemo uvutaji wa sigara na uvimbe wa kawaida wa njia ya chakula, na tena huweza kubaki chini wakati saratani ipo. Nilirudia baada ya wiki tatu, kikawa sawa. Hasara ya wiki hizo tatu haimo katika stakabadhi yoyote.

Ajabu ni kwamba kifurushi hichohicho hakikuwa na kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, kipimo cha bei ndogo ambacho ushahidi wake wa kupunguza vifo vya saratani ya utumbo mpana ni imara, na ambacho jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga lilipendekeza mwaka 2021 kwamba uchunguzi wa aina hiyo uanze katika umri wa miaka 45. Mke wangu naye alipopima alipigwa picha ya kifua na kupimwa umeme wa moyo, ilhali hana dalili ya maradhi ya kifua wala ya moyo, lakini hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuchunguzwa mlango wa kizazi. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa kwa kipimo bora kufikia umri wa miaka 35, na tena kufikia 45, kwa sababu mabadiliko yanayosababishwa na virusi vya HPV huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani na yanatibika yakigunduliwa mapema. Nilivyoona mimi, kifurushi kimejazwa vipimo ambavyo mashine huvitoa kwa wingi kutoka kwenye kichupa kimoja cha damu, na vile vinavyohitaji faragha, maelezo na muda wa mhudumu vimeachwa nje.

Mwaka wa tatu mhudumu wa mapokezi alinishawishi niongeze picha ya ultrasaundi ya tezi ya shingo, akisema watu wengi wanaichukua siku hizi. Nilikataa kwa sababu ya yaliyotokea Korea Kusini. Baada ya nchi hiyo kuanzisha mpango wa taifa wa uchunguzi wa saratani mwaka 1999, vituo vingi viliiongeza picha hiyo kama nyongeza, na kufikia mwaka 2011 kiwango cha watu kugunduliwa na saratani ya tezi hiyo kilikuwa kimefika mara kumi na tano ya kile cha mwaka 1993. Vifo havikubadilika. Waliogunduliwa walikuwa na vivimbe vidogo ambavyo vingi visingewahi kuwasumbua, lakini wengi wao walikatwa tezi na kubaki wakimeza homoni kila siku. Kanuni za kuamua kama ugonjwa fulani unastahili kutafutwa kwa watu wasio na dalili ziliandikwa na wataalamu wawili, Wilson na Jungner, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1968, na mojawapo ni kwamba pawepo tiba inayokubalika kwa atakayegundulika. Ni kanuni ya zamani, na bado mhudumu wa mapokezi hajaisikia. Simlaumu sana; lawama ni ya waliompangia malengo ya mauzo.

Ipo hoja nzito zaidi ambayo mtetezi wa uchunguzi wa afya hana budi kuikabili. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyosasishwa mwaka 2019, yaliyokusanya matokeo ya majaribio yenye washiriki 251,891, yalihitimisha kwamba uchunguzi wa jumla wa afya kwa watu wazima una athari ndogo au hauna athari kabisa katika kupunguza vifo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kuachana na shughuli nzima. Nilipoisoma tena nilizingatia kwamba mengi ya majaribio hayo yalianza miongo mingi iliyopita, kabla ya baadhi ya tiba za leo, na kwamba kilichopimwa ni uchunguzi wa jumla, yaani kifurushi, wakati ambapo kupima presha na kuitibu, au kuchunguza mlango wa kizazi, kila kimoja kina ushahidi wake peke yake. Bado hoja ile inamgusa muuzaji wa vipimo arobaini na viwili pale panapouma. Mpango wa umma wa Uingereza uitwao NHS Health Check, ulioanza mwaka 2009, huwaita watu wenye umri wa miaka 40 hadi 74 mara moja kila baada ya miaka mitano, na huwapima mambo machache: presha, lehemu (kolesteroli), uzito kwa urefu, hatari ya kisukari, pamoja na maswali kuhusu sigara, pombe na mazoezi. Orodha hiyo inaenea kwenye ukurasa mmoja na nafasi ikabaki.

Sukari ndiyo iliyonionyesha thamani ya kurudi mara kwa mara. Katika mwaka wa kwanza sukari yangu ya kufunga ilikuwa milimoli 5.2 kwa lita, mwaka wa pili 5.7, mwaka wa tatu 6.0. Maabara ile huchora mstari wake katika 6.1, kama lilivyochora Shirika la Afya Duniani, hivyo mara zote tatu pembeni mwa namba paliandikwa neno moja: kawaida. Mfumo wa kituo huchapa majibu ya siku hiyo tu, na hakuna aliyefungua faili la nyuma. Mimi ndiye niliyezilaza karatasi tatu juu ya meza na kuona ngazi. Chama cha Kisukari cha Marekani, ambacho huanza kuhesabu hatua ya kabla ya kisukari katika 5.6, kingekuwa kimenionya mwaka mmoja mapema.

Nilizibeba karatasi zote tatu nikarudi kwa daktari, na hapa ndipo kituo kilipojipatia alama zake nyingi. Madaktari wa miaka miwili ya kwanza walinipa dakika saba kila mmoja (nilitazama saa), wakisoma karatasi kwa sauti kana kwamba sijui kusoma. Huyu wa tatu, daktari wa makamo, alizipanga karatasi kama nilivyozipanga, akaagiza kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita kwa kuangalia sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Kabla ya kukiagiza aliniuliza kama nina selimundu au upungufu wa damu, kwa kuwa hali hizo huweza kukipotosha kipimo hicho. Ni swali la nusu dakika linalomtenganisha daktari anayejua kipimo na anayekijua kwa jina tu. Kikatoka asilimia 6.1, chini ya 6.5 inayoitwa kisukari na juu ya 5.7 ambapo tahadhari huanzia. Akanipima kiuno, jambo ambalo kifurushi hakina. Akaniuliza nalala saa ngapi, nakoroma au la, na kama kuna siku naamka nikiwa sina hamu ya lolote. Katika miaka mitatu ya uchunguzi uitwao kamili, hilo lilikuwa swali la kwanza kuhusu hali ya moyo wangu kwa maana isiyo ya umeme.

Hakuniandikia dawa. Alinieleza kuhusu utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ambao watu wenye hali kama yangu waliopunguza uzito kwa kama asilimia saba na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati waliomeza metformin, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Kisha akanipa tarehe ya kurudi, na kuiandika mwenyewe kwenye kadi. Mazungumzo yote yalichukua dakika ishirini na tano. Ningelipa bei ya kifurushi kizima kwa dakika hizo na nisihesabu kuwa nimepunjwa.

Yapo madogo ambayo nayataja kwa wanaotaka kujua. Majina huitwa ukumbini kwa sauti pamoja na aina ya kipimo, na nimewahi kujua mambo ya jirani yangu wa kiti ambayo hakukusudia niyajue. Majibu hutumwa kwa simu usiku na mwisho wa wiki bila mtu wa kuulizwa. Iwapo kituo kitarekebisha jambo moja tu, kirekebishe hilo. Nakala za karatasi hutolewa ukiziomba, nami nashauri ziombwe, kwa kuwa kumbukumbu za kituo ni za kituo, na siku ukihama hutaondoka nazo.

Kwa nani huduma hii inafaa? Kwa aliyetimiza miaka arobaini au aliye na mzazi aliyeugua presha, kisukari au saratani, na ambaye hana daktari wa kumwendea mara kwa mara, ningesema aende, mradi aende na maswali yake na asinunue nyongeza za mapokezi. Kijana asiye na historia hiyo anaweza kutosheka na kupimwa presha kila baada ya muda, na vipimo vingine kulingana na maisha yake, kikiwemo cha virusi vya UKIMWI. Aliye na dalili, kama vile kupungua uzito bila sababu, damu kwenye choo, uvimbe kwenye titi, au kubanwa na kifua anapopanda mlima, hapaswi kusubiri mwezi wa kifurushi chake wala kuridhika na karatasi ya kawaida ya mwaka jana. Yeye anahitaji daktari wa kumchunguza kwa dalili ile, na anahitaji sasa.

Wiki iliyopita nilirudi kuweka miadi ya mwaka wa nne. Nilimwomba mhudumu aniandikie presha, sukari ya kufunga na HbA1c, lehemu, figo kwa damu na kwa mkojo, kipimo cha choo, na nusu saa na daktari yuleyule. Alijaribu mara mbili kuingiza orodha hiyo kwenye kompyuta, ikakataa, kwa kuwa mfumo hautambui mteja anayetaka vipimo pungufu. Mwishowe akachukua kalamu, akaandika kwa mkono nyuma ya fomu, akapiga muhuri. Fomu hiyo ninayo, nimeibana pamoja na karatasi zile tatu.